Mwalimu wa Punda Anaondoka, Uzio Unabaki

Ndugu Petro Chilewa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Kituo chetu cha Wanyamakazi hapa karibu na Ihumwa. Aliingia akiwa mfagia mazizi. Anatoka akiwa mkufunzi wa punda, cheo ambacho Utawala haukuwahi kukiandika popote.

Kazi yake ilikuwa kumwezesha mfugaji kumfundisha punda kijana bila kufilisika. Punda aliyezoea mzigo na mkokoteni huuzika vizuri. Asiyezoea huchukuliwa na walanguzi kwa bei ya kutupa. Petro alihitaji kamba ya katani tu. Punda kijana hufungwa ubavuni mwa mama yake wakienda kisimani, akiwa na madumu matupu, na kila wiki huongezewa maji kidogo. Petro hupita na baiskeli, hutazama, kisha huandika ripoti yake yote: "Punda amekubali." Wakubwa wamemwandikia barua tatu kulalamikia ufupi huo. Hajajibu hata moja.

Mwaka 1993 tukaletewa mradi. Mnaukumbuka: magari mawili, semina nane, na mshauri mwelekezi aliyetuambia kwamba mambo ya bure yamepitwa na wakati. Ukajengwa uzio wa duara, zikaagizwa hatamu za ngozi kutoka nje, na mfugaji akatakiwa kuchangia gharama. Bi. Anjelina, mjane wa Ihumwa mwenye punda vijana wawili na asiye na kingine cha kuuza, alirudishwa getini. Mimi, karani wa masijala, nilikuwepo, nikatazama viatu vyangu. Petro alimfuata nyumbani siku ile ile na kamba yake.

Siku ya mbio za mikokoteni, zilizokuwa wazi kwa wafugaji wote, mbele ya mgeni rasmi, punda wa mradi walitoka kwa madaha. Kisha wakakata kushoto. Walikuwa wamezungushwa ndani ya uzio miezi sita, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyewaza kwamba barabara hunyooka. Waliizunguka meza kuu mara nne, mshauri akiwafukuzia na tai begani. Punda wa Anjelina walifika mwisho wakasimama, wakingoja madumu. Wote wawili walinunuliwa hapo hapo kwa bei nzuri. Ripoti ya Petro kuhusu wale wa mradi: "Punda wamekataa."

Mradi ulikwisha, magari yakaenda nao. Uzio tunaanikia nguo. Sasa Utawala, kwa busara ile ile, umetangaza kwamba nafasi ya Petro haitajazwa. Jumatatu Bi. Anjelina alikuja na punda mwingine kijana, akaambiwa huduma imefutwa. Alimgeuza mnyama wake, akashika njia ya kwa Petro, ambako nasikia wamekwisha fungwa wengine watatu.

Petro, asante kwa kutufundisha, ingawa sisi tulikuwa wazito kuliko punda. Tunakuombea afya na umri mrefu. Kuhusu mapumziko tusidanganyane. Kamati imekununulia saa ya ukutani, na chini yake, ndani ya boksi, Utawala usome vizuri hapa, tumepakia kamba zote za stoo.

Ruthu, Masijala