Mama Kisigino, na Sahihi Niliyoitia Mimi Mdogo Wake

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitindamimba kwa mama yetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada, ingawa wapo wenye sauti nzuri kunizidi, kwa hiyo mnivumilie.

Dada yetu, ambaye nusu yenu mlimjua kwa jina la Mama Kisigino tu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita, akasoma shule ya msingi ya hapohapo kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha chuo cha ushonaji, alikohitimu mwaka 1967 akiwa na cheti safi na ulimi mkali, na sote tuliokaa naye tunaujua ulimi huo.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa katika kituo cha televisheni, chumba cha mavazi, na mwaka 1974, siku ambayo kipindi cha watoto kilikosa mgeni, alichukua soksi kuukuu ya baba, akaishonea macho ya vifungo na mdomo pale penye kisigino, akaivaa mkononi, na ndivyo alivyozaliwa huyo Kisigino mliyemngoja kila Jumamosi saa kumi jioni kwa miaka kumi na tisa. Kisigino alikuwa na tabia moja, akiuliza swali alifunga mdomo na kutulia, dada akihesabu moyoni hadi saba, ili mtoto aliyekaa sakafuni nyumbani kwao apate nafasi ya kujibu, na mara ya kwanza fundi wa sauti alipanda ngazi mbio akidhani mitambo imekufa, wakagombana, wakapatana, wakafunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume, ambaye ni dereva wa malori. Shemeji alitutangulia mwaka 2009.

Sasa nafika pagumu. Machi 2022 dada alianza kuumwa figo, na mwezi huohuo kampuni moja ya filamu ilikuja kuomba kumrudisha Kisigino kwenye sinema, wakamwonyesha dakika tatu za majaribio, ambamo Kisigino anapiga watu vichwa, anaropoka bila kupumua, na hamsubiri mtoto yeyote. Dada aliwauliza huyo ni mtoto wa nani, maana wake hamwoni, kisha akaandika sharti moja tu, wamwache anyamaze, wakamjibu kwa heshima zote kwamba watazamaji wa leo hawana subira, naye akakataa katakata.

Mimi nilitaka aione sinema hiyo kabla hajaondoka, nikajiona mjanja, na kwa kuwa alikuwa amenipa mamlaka ya kusaini karatasi zake zote wakati wa ugonjwa, tarehe 11 Januari 2023 nikasaini na ya kwao, nikiamini nitawabembeleza baadaye, nao wakanisikiliza vizuri na hawakubadilisha kitu. Dada aliponiuliza, nilimwambia wamekubali, sharti limeingia, akafurahi mno, akaanza kuwahadithia wagonjwa wenzake, na kila nilipotaka kumweleza kweli nilishindwa pa kuanzia. Alifariki tarehe 2 Oktoba 2023, saa moja asubuhi, akiamini hivyo, na wapwa zangu hawa wawili wanayasikia haya leo kama ninyi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliomfulia na kumpikia, wenzake wa chumba cha mavazi waliokuja kumsuka nywele kila Jumapili, na wawakilishi wa kampuni, ambao nawaona pale nyuma, kwa shada lao la maua. Wakili ameniambia ile karatasi haivunjiki, na filamu itatoka Aprili.

Dada, hawakukubali, nilikudanganya, na nimekwambia leo ukiwa huwezi tena kunigombeza. Lala kwa amani, dada yangu.