Leopold Wozny na Magari Yaliyokataliwa

Baada ya miaka thelathini na sita katika studio ya usanifu ya Kampuni ya Halbrook, hapa Detroit, Leopold Wozny anastaafu tarehe 28 Juni 1974. Tumechoka kuaga watu mwaka huu, lakini huyu lazima tumuage vizuri.

Leo, kama tunavyomwita kwa kifupi, alianza kwa kupasha udongo moto ili ulainike, akaishia kuwa mkuu wa wafinyanzi. Wasanifu huchora, nasi wafinyanzi tunaigeuza michoro kuwa gari zima la udongo. Kisha wakubwa huja, wakalizunguka, wakalikataa. Likikataliwa, sheria ya studio ni moja: likwanguliwe kabla zamu haijaisha, udongo urudi kwenye tanuri, kesho lifinyangwe jingine. Kwa hiyo hakuna gari la kifahari tulilowahi kutoa ambalo halikuanza na udongo wa yaliyokataliwa. Leo hakulizoea jambo hili. Alikwangua kwa uso wa mtu aliyefiwa, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kumtania.

Mwaka 1958, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, alileta maandazi ya jamu aliyopika mama mkwe wake. Wakubwa waliyamaliza, wakajifuta sukari midomoni, kisha wakalikataa gari la milango miwili alilolihangaikia majira yote ya baridi. Walisema liko tupu mno, halina nikeli ya kung'aa wala mapezi ya nyuma, kama jokofu lililolazwa. Leo akalifunika turubai, akamwambia msimamizi kwamba tanuri limeharibika. Tanuri lilikuwa zima kabisa.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa kampuni alirudi kutafuta kofia aliyoisahau, akalifunua turubai.

“Hili la nani?”

“Si la mtu, bosi,” Leo akajibu. “Mlishalikataa.”

“Hebu lirefushe. Litie milango minne.”

Ndivyo ilivyozaliwa Regent, gari ambalo maharusi wa mji huu wanaligombania mpaka leo. Wasanifu walitolewa picha gazetini. Leo aliletewa udongo mwingine.

Mwezi huu alikamilisha gari lake la mwisho, na alitamani sana aondoke akiliacha limesimama. Jumatatu wakubwa walikuja, wakatazama saa zao, wakalikataa. Leo alishika kisu cha kukwangulia, akasimama nalo uso kwa uso, kisha akakiweka mezani.

“Jamani, hili siliwezi. Nimechoka.”

Nasi tumechoka vilevile. Alivaa koti lake akaenda nyumbani.

Asante, Leo, kwa mikono yako, kwa maandazi, na hata kwa kununa kwako. Wewe na mkeo Jadwiga mkapumzike huko ziwani, mvue samaki, mlale mpaka jua liwachomoe kitandani. Na kwa kuwa wakubwa hawajawahi kusoma jarida hili la wafanyakazi, acha tukuambie: gari lako liko chini ya turubai, halijaguswa. Msimamizi tumemwambia tanuri limeharibika.