Mzee Kabati na Nyumba Iliyoshushwa Barabarani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, huyu aliyelala mbele yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Kabati bila kuuliza jina hilo lilitoka wapi, kwa kuwa mlidhani mnajua, alizaliwa tarehe 3 Mei 1949, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi seremala, akimfuata dada yake aliyembeba mgongoni mpaka kiuno kikakataa, maana mtoto mwenyewe hakuwa mwepesi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1963, hesabu akiziweza, mwandiko ukiwa wa kuku, na tarehe 1 Julai 1968 akaajiriwa na kampuni ya kuhamisha vyombo vya nyumbani, akianza na kubeba magodoro hadi akawa fundi mkuu wa kupakia, mtu wa kuutazama mlango mara moja na kukuambia kochi litatoka kwa miguu au kwa mgongo, na alikuwa na sheria mbili tu, kwamba kizito hutangulia, na kwamba karatasi za safari hazipandi kwenye mzigo, hukaa mfukoni.

Tarehe 12 Agosti 1974 alimwoa mshonaji, mwanamke mwenye subira kuliko alivyostahili, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Jumamosi tarehe 9 Januari 1988, kampuni ilipomhamishia tawi la upande wa pili wa nchi, aliipakia familia yake kwenye lori, pamoja na dada yake aliyekwenda kuwasindikiza kwa wiki moja na hajarudi hadi leo. Siku ya pili, kwenye kizuizi cha barabarani, mkaguzi alitaka kibali cha kuhamisha vyombo, kibali hakikuwa mfukoni, kilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati, na kabati, kwa kuwa ndilo zito, lilikuwa limetangulia, limebanwa na nyumba nzima. Vikashushwa vyote kando ya lami, na marehemu, asiyejua kutupa kitu ovyo, akavipanga kama sebuleni, mpaka mpita njia akasimama na kuuliza, "Mzee, hicho kitanda unauza pamoja na huyo mama aliyekikalia?" Aliyekikalia alikuwa dada yake.

Mkaguzi alipouliza ni nani aliyefungia kibali kabatini, marehemu alisema, "Ni mimi, nimesahau." Habari zikamfikia meneja kabla ya lori, akavuliwa ufundi mkuu kwa miaka miwili, akarudi kubeba magodoro, na jina la Kabati likamganda.

Alistaafu mwaka 2009, na badala ya kukaa barazani kama wenzake, akamkamata mpiga picha wa harusi wakatengeneza filamu ya vichekesho kuhusu safari ile, iitwayo Bado Hatujafika, yeye mwenyewe akiwa baba. Dada alikataa kuigiza, nafasi yake akapewa muuza nyama, masharubu na yote. Ilipoonyeshwa tarehe 17 Desemba 2011, ukumbi ulijaa hadi madirishani, watu wakacheka hadi kushikilia mbavu, na dada, aliyekaa kiti cha nyuma karibu na mlango akisubiri aibu yake, akamwona baba wa kwenye filamu akisema tena, "Ni mimi, nimesahau."

Februari 2022 figo zilianza kumsumbua. Wodini dada alimwambia kwamba sasa atasema, naye akajibu, "Dada, usiniharibie filamu, watu wameshacheka." Dada akaahidi kunyamaza maadamu mdogo wake yu hai. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, na ahadi ikaishia hapo.

Kibali kile kilitolewa kwenye koti la marehemu na dada, asiyeamini mifuko ya wanaume, akakitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, na kwenye kizuizi akatazama viatu vyake. Mke na watoto wanalisikia hili leo pamoja nanyi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia mizaha yake, majirani waliotupokea mwaka 1988 na kushusha makochi bila kuombwa, na mafundi wenzake waliolibeba jeneza hili bila kuligusisha mlango. Kuanzia leo anayetaka kumwita mtu Kabati amwite dada yake, huyu anayewasomea haya, anaishi chumba cha nyuma, ataitika.

Lala kwa amani, fundi mkuu, hukusahau kitu.