Mwalimu Lucian na Jina la Maji

Mwalimu Lucian Byabato anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kufundisha Kiswahili hapa Newala kwa miaka thelathini na minne. Aliripoti akitokea Muleba, Kagera, na sanduku moja la bati, akilalamika kuhusu vumbi. Vumbi bado lipo, na yeye bado analalamika.

Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza humjua kwa ndoo. Siku ya kwanza huingia darasani na ndoo ya maji, na hakuna anayekunywa kabla ya kulitaja jina la maji kwa lugha ya nyumbani kwao. Mmakonde husema medi, Myao mesi, Mmakua maasi, na watoto wa watumishi waliohamia huleta ya kwao. Zamani walichangia kikombe kimoja. Tangu Uviko kila mtoto huja na chake, jambo ambalo Mwalimu alilipinga kikaoni akashindwa. Majina yakishajaa ubaoni, hueleza kwamba hayo yote, pamoja na maji, ni ndugu wa tumbo moja. Yametokana na lugha ya kale isiyoacha maandishi, na hakuna hata moja lililomzaa mwenzake.

Lakini huwaonya pia kwamba kufanana kwa sura hakutoshi. Kitabu tulikipata kwa Waarabu na shule kwa Wajerumani, hayo ni ya kuazima. Na Mwalimu hupenda kusimulia jinsi alivyosimama dukani Masasi mjini, akamsikia mtoto wa Kigujarati akimwita babu yake mwenye ndevu nyeupe dada. Alicheka hadi akasahau alichofuata. Dada yule, yaani babu kwa Kigujarati, na dada wetu, husema, wamefanana tu njiani.

Ndoo hiyo ina chanzo chake, na Mwalimu mwenyewe ametuomba tusikifiche.

Miaka yake ya mwanzo alifundisha kwamba medi na wenzake ni Kiswahili kilichoharibika vinywani mwa watu wasiosoma. Aliyasema kwa nia njema, na wanafunzi walimwamini kwa sababu walimpenda. Aliyemwamini kuliko wote ni Dastani, kijana wa nyumba ya jirani. Dastani aliacha kumjibu mama yake kwa Chimakonde, kisha akaanza kumsahihisha mbele ya wenzake. Mama Dastani alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu. Akawa mtu wa kukaa kimya nyumbani kwake mwenyewe, na mtoto ni huyo mmoja aliyekuwa naye.

Mwaka 1998 mama mzazi wa Mwalimu alikuja kumtembelea. Bibi huyo hakujua Kiswahili. Mwanawe akiwa kazini, kiu ilimshika, akatoka uani akaita maji kwa lugha ya kwao: amaizi, amaizi. Mama Dastani alikuwa ndiyo kwanza amepandisha ndoo kutoka bondeni, na aliyewahi kuupanda mteremko ule na ndoo kichwani anajua thamani ya maji yale. Akachota, akampa. Mwalimu aliporudi aliwakuta kwenye mkeka mmoja, wakionyeshana vitu na kuvitaja majina, wakicheka kama watu waliokua pamoja.

Pale ndipo alipoelewa. Kama medi ni uharibifu, basi na amaizi ya mama yake ni uharibifu. Anasema aliona aibu. Alimwamkia Mama Dastani shikamoo, akamweleza kosa lake na kumwomba radhi. Yule mama aliitikia marahaba, kisha akasema, "Nimesikia, Mwalimu. Sasa kamwambie na mwanangu."

Alimwambia, tena paredi, mbele ya shule nzima. Likizo ilipofika alipanda baiskeli akawafuata waliokwisha kumaliza, Chiwata, Lupaso, hadi Mkomaindo, kulirudisha somo alilowapa. Rose, mmoja wa wanafunzi hao wa zamani, aliyekutwa akianika nguo, alimwambia kwamba somo lenyewe alikwisha kulisahau siku nyingi. Mwalimu akamsimamisha, akamkumbusha kosa, ndipo akalifuta. Sisi walimu wenzake tulimtania sana kwa safari hizo. Leo naandika haya nikiwa na heshima ambayo siku zile sikuwa nayo.

Dastani aliyasikia yote pale paredi. Jioni ile aliingia jikoni, akasimama, akamwomba mama yake medi. Mama Dastani alimpa kikombe, akageukia moto, akalia.

Mwalimu amekataa zawadi ya kabati tuliyomwandalia. Ameomba jambo moja: msemaji wa kwanza kwenye hafla awe Mama Dastani, naye aseme kwa Chimakonde bila mkalimani. Asiyeelewa atamuuliza aliyekaa naye. Dastani, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu, ataketi karibu na mama yake, na watoto hao wanaijua lugha ya bibi yao.

Mwalimu Lucian, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote, mimi Claudia, makamu mkuu wa shule, nasema asante. Tunakuombea afya njema na uzee wenye utulivu huko Muleba. Siku ukiwa huko ukaomba amaizi, kumbuka kwamba hata huku Newala ungepewa.