Disque ya Béata ku Jua la Bugarama

(Bugarama, saa nane za mchana, pembeni ya uwanja wa kuanikia mpunga. Mbele ya Habineza kuna santuri kumi na moja za zamani, zote zimejikunja. Mara tatu amepiga simu hii akaikata kabla haijapokelewa. Mara ya nne Mzee Nzabonimana wa Giheke anaipokea kabla hajaikata.)

NZABONIMANA: Haloo? Haloo, nani uyu ananibipu na kukimbia?

HABINEZA: Ni mimi, Mzee. Habineza. Habineza wa Bugarama, wa ku mashine ya mpunga.

NZABONIMANA: Aaa! Mutoto wa rock! Jambo, jambo sana. Nikasema ni batoto banachezea simu. Uko muzima?

HABINEZA: Niko muzima, Mzee. Habari ya Giheke?

NZABONIMANA: Giheke ni mvua tu, mvua na matope. Achana na Giheke. Niambie, sindano ya gramafoni imefika?

HABINEZA: Imefika jana, Papa Laurence. Rafiki yangu aliipata Bukavu, akaivusha mupaka pale Rusizi ya Pili, ameifunga mu kitambaa kama yai. Nimeifunga ku mashine ya disque, inazunguka muzuri—

NZABONIMANA: Imana ishimwe, Mungu asifiwe! Unaona sasa? Nilikuambia—

HABINEZA: Mzee, nilikuwa nataka—

NZABONIMANA: —nilikuambia mashine ya zamani haikufi, inalala tu. Juzi nikamupigia mutoto wangu Laurence. Nikamuambia, dimanche, kisha misa, uje na bajukuu bote. Kuku nimeshaifunga kamba.

HABINEZA: Dimanche hii?

NZABONIMANA: Sasa dimanche gani ingine? Habineza, mutoto wangu eko na miaka arobaini na mbili. Hajasikia sauti ya mama yake hata siku moja. Mama yake Béata alikufa Laurence akiwa bado wa ku mugongo. Nikamuambia: mama yako utamusikia dimanche, anaimba, na mimi nyuma yake ku guitare ya basse. Alilia ku simu, mama muzima yule.

(Simu inakwaruza.)

NZABONIMANA: Haloo? Umepotea?

HABINEZA: Niko, Mzee. Ni réseau.

(Mtandao hauna kosa lolote. Habineza alikuwa ameziba simu kwa kiganja.)

NZABONIMANA: Na zile disque zingine umezisikiliza? Ile yenye jicho kubwa ku kifuniko? Upande muzima ni wimbo moja, dakika makumi mbili na mbili! Guitare inalia kama mashine ya kukoboa imekosa mpunga. Wakati ule bantu balikuwa banatoka ku dancing banashika kichwa, banauliza, sasa hii tutaicheza je?

HABINEZA: Sijasikiliza hata moja.

NZABONIMANA: Weee! Wewe? Wewe ulipanda mpaka kwangu na mvua yote ile, unanionyesha ku simu marock ya bazungu hata mama zao hababajui? Miezi mitatu unanisumbua, "Mzee, banasema ulipiga basse Bukavu, Mzee, uko na album," mpaka nikainama chini ya kitanda na mugongo huu, nikakutolea disque zote. Leo uko na sindano, na hujasikiliza?

HABINEZA: Nilitaka kuzisafisha kwanza.

NZABONIMANA: Hapo sawa. Zilikuwa na kuvu.

HABINEZA: Nilizisafisha na maji na sabuni.

NZABONIMANA: Maji haina shida. Sisi tulisafisha hata na bière! (Anacheka.) Kisha tukakunywa ile iliyobaki.

HABINEZA: Kisha nikazianika.

NZABONIMANA: Ukazi... haloo? Sema tena, réseau ya huku—

HABINEZA: Nikazianika, Mzee.

NZABONIMANA: Mu nyumba.

HABINEZA: Ku uwanja. Ku ciment ya kuanikia mpunga.

(Habineza anaendelea haraka.)

HABINEZA: Papa Laurence, huku kwetu kitu kikishika maji kinaenda ku uwanja. Mpunga, godoro, nguo, hata madaftari ya batoto mvua ikiingia mu nyumba. Nimekulia pale. Sikufikiri hata kidogo. Nikazipanga mustari moja muzuri, nikaanza kuzigeuza, kama mpunga, ili zikauke pande zote—

NZABONIMANA: Saa ngapi?

HABINEZA: Saa tano.

NZABONIMANA: Mpaka?

HABINEZA: Mpaka saa saba. Baliniita ku mizani, kulikuwa magunia mengi, nikasema nakuja sasa hivi... Mzee, ciment ya Bugarama saa sita inachoma, hata imbwa haipite pale.

(Upande wa Giheke kunasikika mtu anavuta kiti na kukaa.)

NZABONIMANA: Zimejikunja.

HABINEZA: Ndiyo.

NZABONIMANA: Lakini kidogo. Kama ni kidogo tunaweka chini ya Biblia, tunaweka na mawe juu, siku mbili—

HABINEZA: Haiko kidogo, Mzee. Zingine zimekuwa kama bakuli. Mbili zimeshikana.

NZABONIMANA: Ile haina kifuniko. Ile imeandikwa na kalamu ya Bic pale katikati jina la orchestre yetu ya Bukavu, Les Orages de Nguba. Nadhani hiyo uliiacha mu nyumba.

HABINEZA: Mzee...

NZABONIMANA: Nakuuliza ile, Habineza. Ile yetu.

HABINEZA: Hiyo ndiyo imeharibika kupita zote.

NZABONIMANA: Aïe.

HABINEZA: Nisamehe, Papa Laurence. Nisa—

NZABONIMANA: Aïe, aïe, aïe. Mutoto wewe, umenifanya nini?

HABINEZA: Na bado sijamaliza. Nisiposema leo, sitasema tena. Sikuzisafisha juu ya kuvu. Kuvu ningepangusa na kitambaa, basi. Ilikuwa juu ya picha.

NZABONIMANA: Picha gani?

HABINEZA: Kuko bantu ku internet, ba dunia nzima, kazi yao ni kutafuta marock ya zamani ambayo muntu hajui. Niliandika pale kwamba niko na Les Orages de Nguba mu mikono. Muntu wa Finland akanijibu: hiyo naitafuta miaka kumi na kenda, nilidhani ni uongo wa bazee. Kisha bakaja bengine, banasema Habineza ni nani, Habineza ameitoa wapi. Mzee, nikajiona mukubwa. Bakasema, tuonyeshe. Nikataka ing'ae ku picha.

NZABONIMANA: Juu ya sifa.

HABINEZA: Juu ya sifa.

NZABONIMANA: Mgema akisifiwa...

HABINEZA: Najua, Mzee. Nasikia haya. Nasikia haya mpaka chakula hakipite. Dada yangu Nishimwe ananiuliza niko na nini, nageuza uso ku ukuta kama mwizi.

NZABONIMANA: Disque ile tuliifanya Bujumbura, siku mbili. Zilitoka mia moja tu. Tulizigawa pale ku mulango wa dancing, zingine zikaenda na vita, zingine zikaenda na maji. Nikabaki na ile moja. Yule muntu wako wa Finland, muulize. Pengine eko anajua kwenye kuko ingine.

HABINEZA: Nilimuuliza, Mzee. Ameshajibu. Anasema haijaonekana ingine hata moja, popote.

NZABONIMANA: Ulimuuliza saa ngapi?

HABINEZA: Saa saba na nusu.

NZABONIMANA: Kwa hiyo muzungu wa Finland alijua mbele yangu.

HABINEZA: Ndiyo, Mzee. Nilikuogopa.

NZABONIMANA: Hm. Angalau hiyo umesema kweli.

HABINEZA: Nitukane. Tafadhali, Mzee, nitukane, usinyamaze hivyo.

NZABONIMANA: Nikikutukana itanyooka? Maji yakimwagika hayazoleki. Ngoja. Ngoja kwanza, tusilie kama banamuke ba matanga. Wimbo niko naujua. Nitamuimbia Laurence mimi mwenyewe. Sauti imezeeka, lakini wimbo ni wimbo.

HABINEZA: Kweli, Mzee?

NZABONIMANA: Sikia. Inaanza na mimi. Dum... dum-dum, du-dum... dum. Hivyo mara nane. Batterie, zile ngoma, inaingia. Kisha Damascène, mupiga guitare wetu, anafungua, anakanyaga ile pédale, nyumba inatetemeka. Dum, dum-dum, du-dum... sasa Béata anaingia juu, polepole: "Eee mwezi, ushuke Nguba..." Unasikia?

HABINEZA: Nasikia, Mzee! Ni muzuri!

NZABONIMANA: "Eee mwezi, ushuke Nguba..." Kisha anapanda. "Ushuke..." Hapana. Pale anashuka. Ngoja. Dum, dum-dum, du-dum... "Eee mwezi..."

HABINEZA: Mzee?

NZABONIMANA: Usiongee! "Ushuke Nguba, u..." Dum, dum-dum...

(Anajaribu tena chini chini, anaacha.)

NZABONIMANA: Basse yangu naikumbuka yote, Habineza. Nota kwa nota, mpaka mwisho. Ya Béata haiko.

HABINEZA: Itarudi, Mzee. Umeshituka tu.

NZABONIMANA: Haitarudi. Niko najijua. Miaka yote hiyo sikujihangaisha kuikumbuka. Nilisema iko ku disque. Laurence akiwa mudogo alikuwa ananiomba, papa, niimbie ya mama, namuambia, subiri, siku moja tutapata mashine. Kumukumbuka muke wangu, niliiachia disque.

HABINEZA: Papa Laurence, hii kosa ni yangu, haiko yako. Nitakuja dimanche. Asubuhi, mbele ya misa. Nitamuambia Laurence na kinywa changu, hata akinifukuza. Lakini simu inalia, inite za kupiga zinakwisha—

NZABONIMANA: Uje. Usijifiche.

HABINEZA: Sitajificha, Mzee. Akiniuliza wimbo ulikuwa je, nitamuambia ukweli, sikuusikia.

NZABONIMANA: Wewe utasema hivyo, na utapumua. Mimi je? Mimi nilisimama nyuma ya mama yake, karibu namna hii, na basse ku shingo. Akinigeukia mimi aniulize, nitamuambia nini—

(Salio limekwisha, simu inakatika.)