Bega la Signe

Kijiwe chetu ni benchi refu la mbao nje ya duka la ushirika wa wakulima hapa Halvor, Minnesota. Kahawa ni ya bure, chungu kama dawa, na kila Jumamosi asubuhi tunaimaliza. Kuna Jaji, ambaye hajawahi kuwa jaji. Aliitwa mahakamani mara moja kuwa mzee wa baraza kwenye kesi ya ng'ombe, akarudi anahukumu dunia nzima. Kuna Pancha, aliyeziba matairi ya mji huu miaka arobaini. Kuna Arvid Stensrud, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Na mimi, Dereva, naendesha basi la shule. Jumamosi ile ya Aprili theluji ilikuwa imebaki viraka viraka shambani, matope yamejaa kila mahali. Arvid akashuka kwenye pikapu yake, akaubamiza mlango mpaka kioo kikalia, akaja kukaa bila salamu.

— Nimefukuzwa, akasema.

— Na nani? Jaji akauliza.

— Na mwanangu wa kumzaa. Karin. Kanipigia saa kumi na mbili alfajiri, kaniambia nisikanyage kwake. Kisa bega la Signe.

Hapo tukajua. Signe ni mjukuu wake, ana miaka kumi na mitatu, mwembamba kama ufito. Mwezi uliopita alijiunga na timu ya shule ya kulenga kwa bunduki visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Arvid hakulala kwa furaha. Akamletea shotgani yake mwenyewe, namba kumi na mbili, yenye teke kubwa, ya mtutu mmoja, aliyojifunzia yeye enzi za baba yake. Akakikata kitako kwa msumeno ili kimfae mtoto. Alhamisi Signe akaenda mazoezini, akafyatua mara nne, akakosa visahani vyote vinne, kocha akamwambia akae chini. Ijumaa usiku mama yake, Karin, akaliona bega.

— Likoje? nikauliza.

— Jeusi, Arvid akasema. Alikuwa anaangalia buti zake. Lakini bega langu pia lilikuwa jeusi. Nani alinipigia simu mimi? Baba alisema fyatua tena, nikafyatua tena.

— Na wewe ulikuwa na kilo ngapi? Pancha akamuuliza. Ulizaliwa mnene wewe. Yule mtoto upepo ukivuma anashika nguzo. Mpe ile bunduki ndogo kabisa, mia nne na kumi. Inakohoa tu, haipigi teke.

— Pancha, rudi kwenye matairi yako, Jaji akasema. Ile ina marisau kiduchu. Hata bingwa anahangaika nayo. Unampa mtoto akose visahani mia, halafu unamwambia ajiamini?

— Afadhali akose bila kuvunjwa.

— Sikilizeni hukumu, Jaji akasema, na akasimama kabisa. Namba ishirini, ndogo kuliko kumi na mbili, ile inayojipakia yenyewe, tena nzito. Uzito ndio unaomeza teke. Wewe Arvid umechukua bunduki nyepesi, ukaikata ikawa nyepesi zaidi. Ulikuwa unamtengenezea mtoto nyundo.

Arvid akamgeukia polepole.

— Nyundo?

— Nimesema.

— Bunduki hiyo imelisha nyumba yetu bata na kware miaka ishirini. Wewe ulilisha nini? Faini za kuegesha gari?

Pancha akaona moto unawaka, akaamua kuuongezea kuni. Akasema tatizo si bunduki, ni maziwa. Watoto wa siku hizi wanakunywa maziwa yaliyoondolewa mafuta, mifupa imekuwa kama jibini, hata manati ingewavunja. Jaji akasema mifupa haina kosa, kosa ni simu: shingo zimejikunja, mtoto hawezi kuweka shavu kwenye kitako. Arvid akasema wote wawili hawajui kitu. Akainama, sauti ikashuka. Akasema mashine inayorusha visahani pale uwanjani imetegwa. Kocha anaielekeza pembeni zamu ya wasichana inapofika, wakose, wakate tamaa, awabakize wavulana wake.

— Una ushahidi? Jaji akauliza.

— Macho yangu.

— Ulikuwepo?

Arvid akakuna kidevu. Hakuwepo. Alhamisi alikuwa mnadani anaangalia trekta.

Mimi kawaida ni msikilizaji. Lakini siku hiyo niliweka kikombe changu chini.

— Ijumaa asubuhi alipanda basi langu, nikasema. Begi alilishika mkononi, hakulivaa. Nikamwambia habari ya asubuhi Signe, akasema nzuri. Wenzake wawili wa timu nyuma wakaiga mlio wa bata aliyekoswa risasi na kucheka. Akakaa kiti cha kwanza, nyuma yangu, akatazama dirishani maili kumi na moja. Hakulia. Afadhali angelia. Nyinyi mnazungumza maziwa.

— Ulifanya nini kwa hao waliocheka? Arvid akauliza.

— Niliendesha basi.

— Uliendesha basi, akarudia. Mwanamume mzima.

— Na wewe ulikuwa kwenye trekta, nikamjibu. Usinitupie mimi hasira zako. Nani alimtwisha mtoto dude lile? Alikuomba?

— Hakukataa.

— Angekukataaje? Pancha akasema, na safari hii hakuwa anatania. Nani amewahi kukukataa wewe, Arvid? Sisi wenyewe tuna miaka sabini na tunakuogopa.

Arvid akasimama. Kikombe chake cha karatasi kilikuwa kimebonyea mkononi, kahawa inamchuruzika vidoleni na hahisi. Nilidhani atampiga Pancha. Nadhani hata Pancha alidhani hivyo, kwa sababu alivua miwani.

Ndipo mlango wa duka ukafunguka, akatoka Kou Lor na gunia la chakula cha kuku begani. Ni Mhmong, wa jamii iliyotoka milima ya Laos, alihamia kutoka mji wa Saint Paul wakati wa baridi na kununua shamba la kina Nygaard. Mwindaji wa kindi. Tumeona mikia kwenye pikapu yake. Alikuwa amesikia yote, maana dirisha la duka halifungi vizuri. Akaliweka gunia chini.

— Samahani wazee, akasema. Huyo mjukuu analenga kwa jicho lipi?

— La kulia, Arvid akasema. Nilimwonyesha mwenyewe. Kitako bega la kulia, shavu chini, funga la kushoto.

— Hilo ni jicho ulilomwonyesha wewe. Naulizia jicho lake.

Tukamkodolea macho. Kou akatuonyesha: unanyoosha mikono, unakutanisha viganja na kuacha tundu dogo katikati, unamtazama mtu usoni kupitia tundu hilo, macho yote wazi. Yule unayemtazama ataona jicho lako moja tu. Hilo ndilo jicho linaloongoza. Kama ni la kushoto na bunduki iko kulia, akasema, utakosa hata ghala.

— Anaandika kwa mkono gani? akauliza tena.

Arvid akauinua mkono mtupu kama anayeshika kalamu. Akanitazama mimi. Miaka sita nimempandisha na kumshusha yule mtoto, naye hunipungia kila jioni, na sikujua ananipungia kwa mkono upi. Jaji akawa anachunguza kucha zake.

— Sijui, Arvid akasema.

Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo. Akakiweka kikombe kwenye benchi na kuelekea kwenye pikapu.

— Unakwenda wapi? Jaji akamuuliza. Si umekatazwa kukanyaga?

— Barabara si ya Karin.

Nusu saa baadaye nilikuwa narudi nyumbani, nikapita mtaa wa kina Signe, dirisha la gari liko wazi. Pikapu ilikuwa ukingoni. Arvid amesimama kwenye matope ya barabara, hajaugusa hata ukoka wa uwanja wa Karin, kofia iko mkononi. Karin mlangoni, mikono kifuani, uso umekunjwa, hasogei. Na Signe kwenye ngazi ya baraza, amenyoosha mikono yote miwili, viganja vimekutana, anamtazama babu yake kupitia tundu. Mkono wa lile bega ulikuwa umeanza kushuka.

— Usishushe, nilimsikia Arvid akisema. Ngoja. Ngoja nikuone vizuri.