Papa Ruphin na Sentensi Moja Iliyokosekana

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, Papa Ruphin Mwilambwe, karani wa nyaraka wa kituo chetu cha msaada wa sheria hapa Doornfontein, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili. Alipoingia Aprili 1997 aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, apange makabati. Makabati hayajapangika mpaka leo, na mwenyewe anakubali.

Kazi iliyomchosha kweli ni ya mabaki makali ya nyuklia: yale mafuta yaliyokwisha kutumika kwenye mtambo wa umeme, ambayo hatari yake haiishi kwa maelfu ya miaka. Mahali pa kuyazika moja kwa moja hapajaamuliwa, kwa hiyo yanakaa palepale mtamboni, yakingoja sheria. Na sheria nayo inangoja. Rasimu inakuja, inakaa, inaondoka, inarudi na jalada jipya. Kila ikirudi, Papa Ruphin huisoma yote, huku akitafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake. Anatafuta sentensi moja: kampuni yenye mabaki hayo ikifa, nani atayalinda? Rasimu husema mlinzi ni mwenye mali, basi, inaishia hapo.

Hakutaka swali hilo libaki la wanasheria. Siku za Jumamosi alibeba rasimu hadi Yeoville na Bellevue, mitaa ya wahamiaji wengi kama sisi, akawasomea watu kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, na sisi wa Tanga tukamtania kwamba sasa tunahitaji mtu wa kumtafsiri yeye. Siku moja Mama Jeannine, mwenye saluni, alimwuliza mbele ya wateja kama ana akili timamu: watu hata karatasi za kuishi hawana, yeye anawaletea takataka za miaka elfu! Papa Ruphin hakukasirika. Alimwuliza tu watoto wake wamezaliwa wapi, na wanaongea lugha gani wakicheza. Mama Jeannine, ambaye wanawe wote wamezaliwa hapahapa, akaweka kitana chini, akatia sahihi barua ya maoni ya kudai sentensi ile. Wateja wakafuata, wengine nywele zikiwa nusu.

Hizo sahihi sitini na moja ndizo zilizotuumiza mwaka 2016. Siku za kupeleka maoni zilikuwa thelathini. Sisi tulihesabu kuanzia siku gazeti la serikali lilipofika kwenye sanduku letu la barua, kumbe zinahesabiwa kuanzia siku lilipochapishwa. Papa Ruphin alifika kaunta ya wizara kule Pretoria siku nne baada ya muda kwisha, akarudishwa na bahasha yake. Aliporudi alikaa bila kuvua koti. Kosa lilikuwa letu sote, lakini Jumamosi ile alikwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, akawaomba radhi watu sitini na mmoja.

Tangu hapo tuna desturi: gazeti likifika, watu wawili wanahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, kila mmoja peke yake, halafu wanalinganisha. Mwaka jana maoni yalifika mapema, na kwenye kikao cha wananchi alipewa dakika tatu. Alitumia mbili. Akaambiwa swali lake limeandikwa. Eish, alirudi amechoka, lakini akasema sharp, yaani sawa tu, angalau sasa wanalo.

Mwezi huu rasimu imetoka tena. Ameisoma mara mbili. Sentensi haimo.

Mimi nakaa mapokezi, elimu yangu ni ya darasa la saba. Nilipojifungua binti yangu Mwanaharusi sikuwa na wa kumwachia mtoto, na Papa Ruphin alitoa mafaili kwenye boksi moja kubwa, akatandika shuka, akakataza watu kupiga chapa mtoto akiwa amelala. Akinieleza kuhusu sheria hii, huwa anamtazama yule mtoto. Ndiyo maana nimeielewa.

Papa, asante kwa mafaili, kwa Jumamosi zako zote, na kwa kutochoka mbele yetu hata ulipokuwa umechoka. Barua uliyoiacha mezani tayari ina sahihi tisini na nne; ya kwanza ni ya Mama Jeannine. Siku ya mwisho ni tarehe 12 Julai. Nimehesabu mimi, amehesabu Bakiri wa stoo, tumelinganisha. Tutaipeleka tarehe 8, na mtoto nitambeba mgongoni.

Wewe siku hiyo lala mpaka jua likuchome. Tunakuombea afya na maisha matulivu.

Saida, mapokezi